Kwa Nini Kompyuta Hurudi kwa Fundi

Leo twaendelea na masomo yetu ya historia, lakini hatutasema habari za wafalme wala za vita. Tutasema habari za chombo kimoja, nacho ni kompyuta ndogo ya kukunja, ile ambayo wauzaji na mafundi huiita laptopu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno manne haya: bodi, chipu, lehemu, dhamana. Tutayahitaji yote kabla somo halijaisha.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu amejinyima akanunua laptopu, labda iliyokwisha tumika na mwingine. Siku moja kioo kinakuwa cheusi. Anaipeleka kwa fundi. Fundi anasema, "Njoo Ijumaa." Ijumaa inafika, anaambiwa, "Njoo Jumatano." Baada ya majuma matatu anapewa chombo chake, kinafanya kazi, analipa, anafurahi. Miezi miwili haipiti, kioo ni cheusi tena. Mwenye mali asema fundi ni mwizi. Fundi naye asema mwenye mali hakitunzi chombo: hukiweka kitandani, hukimwagia chai. Wanagombana hata majirani wanatoka kutazama.

Huenda wote wawili hawana kosa. Huenda ugonjwa ulizaliwa kiwandani, mbali sana na duka lile, kabla ya mwenye mali hajakiona chombo chake. Twajuaje? Twajua kwa sababu mambo haya yamekwisha tokea mara nyingi, na watu waliyaandika. Basi na tuyatazame.

Tuanze mwaka 1981. Mwaka ule huko Marekani ilitolewa kompyuta iliyoitwa Osborne 1. Iliweza kubebwa, lakini mbebaji ilimpasa awe na nguvu, maana ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, na ukifunga kifuniko chake ungedhani ni cherehani ndani ya sanduku lake. Mwaka ule ule kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani. Kompyuta ile haikuwa ya kukunja, walakini kuna jambo moja nataka mlikumbuke: IBM iliuza pia kitabu chenye michoro ya njia za umeme ndani ya mashine. Aliyetaka kujua njia fulani yaanzia wapi na yaishia wapi aliweza kununua kitabu, akasoma. Hata laptopu za IBM zilizoitwa ThinkPad, zilizoanza mwaka 1992, zilikuwa na vitabu vya kufundisha namna ya kuzifungua na kubadilisha sehemu zake, na mtu yeyote aliweza kuvipata. Kampuni ya Lenovo, iliyoichukua kazi hiyo mwaka 2005, yaendelea kutoa vitabu vya namna hiyo. Makampuni mengine hayakufanya hivyo. Tutarudi kwenye neno hili la vitabu.

Sasa nitawaeleza kisa cha Texas. Kompyuta zake zilikuwa za mezani, si za kukunja, lakini kisa chenyewe chafundisha.

Tangu Mei 2003 hata Julai 2005 kampuni ya Dell iliuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya ugonjwa mmoja. Ndani ya kompyuta mna ubao mkubwa ulioshika vipande vyote. Huo ndio bodi. Juu ya bodi mna vikopo vidogo vya kuwekea umeme, viitwavyo kapasita, na ndani ya kila kikopo mna maji ya dawa. Vikopo vya kompyuta zile vilikuwa vibovu. Vilivimba vichwa kama mandazi yaliyotiwa hamira nyingi, vikapasuka, vikavuja. Kompyuta ikazimika.

Idara ya hesabu ya Chuo Kikuu cha Texas iliona kompyuta zake zinakufa moja baada ya moja, ikalalamika. Dell wakazichunguza. Mwajua walijibu nini? Walisema kompyuta zile zimechoshwa na hesabu ngumu! Ndugu wasikilizaji, kompyuta kazi yake ni kuhesabu. Ni sawasawa na kumwambia mkulima kwamba jembe lake limevunjika kwa sababu amelilimia.

Habari hizi zilijulikana mwaka 2010, gazeti la New York Times lilipoandika yaliyomo katika karatasi za kesi moja. Karatasi zile zilionyesha pia kwamba mara nyingine kompyuta yenye bodi mbovu ilitolewa bodi ile, ikatiwa bodi nyingine yenye ugonjwa ule ule. Litazameni neno hilo vizuri. Fundi amefanya kazi yake kwa uaminifu. Amefungua, ametoa kibovu, ametia kipya. Lakini kipya nacho ni kigonjwa. Mwaka 2005 Dell walikuwa wamekwisha tenga dola milioni 300 kwa ajili ya ugonjwa huu, na bado mteja wa Texas aliambiwa kuwa hesabu zake ni ngumu mno.

Turudi kwa laptopu. Hapa hapana budi tujue lehemu, maana magonjwa mengi yanayorudi-rudi hukaa hapo.

Chipu ni kipande kidogo cheusi kifanyacho kazi ya akili ya kompyuta. Chipu kubwa hushikwa juu ya bodi kwa vitone vidogo sana vya lehemu, mamia ya vitone, navyo huwezi kuviona kwa sababu viko chini yake. Zamani lehemu ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Tangu tarehe 1 Julai 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza risasi katika vyombo vingi vya umeme, kwa kuwa ni sumu, na viwanda vikageuza mchanganyiko. Wako watu wanaosema kwamba magonjwa yote ya laptopu yalianza hapo. Si kweli, kwani mtaona sasa hivi kwamba mengine yalikuwako kabla ya sheria ile.

Unapowasha laptopu, chipu hupata moto, nayo hutanuka kidogo. Unapozima, hupoa, nayo hunywea. Bodi nayo hutanuka na kunywea, lakini si kwa kiasi kile kile. Vitone vya lehemu vimekaa katikati, vinavutwa huku na huku. Chukua waya mwembamba uupinde mara moja: haukatiki. Uupinde mara mia mahali pale pale: wakatika. Ndivyo ilivyo. Na laptopu ni nyembamba, hewa ndani yake ni haba, moto wake hauna pa kwenda upesi. Kwa hiyo kilichoweza kustahimili katika sanduku la kilo 11 chaweza kushindwa katika chombo chembamba kama sinia.

Januari 2004 kampuni ya Apple ilitangaza kwamba itatengeneza bure laptopu fulani zilizoitwa iBook, kwa sababu bodi zake zilikuwa zinaharibika. Kioo kilionyesha mistari ya ajabu, au kilikuwa kitupu kabisa. Wako wenye mali waliobadilishiwa bodi, ikafa. Wakabadilishiwa ya pili, ikafa. Wengine waligundua kwamba wakikandamiza ganda la chombo kwa mkono, kinaamka. Walidhani ni miujiza, kumbe mkono ulikuwa unakutanisha tena viungo vilivyoachana.

Halafu huko Denmark watu walilalamika juu ya laptopu za iBook zilizofuata. Nyingi zilikufa baada ya dhamana ya mwaka mmoja kwisha. Dhamana ni ahadi ya mwuzaji au mtengenezaji kwamba chombo kikiharibika katika muda fulani, atakitengeneza kwa gharama yake. Lakini sheria ya Denmark humpa mnunuzi miaka 2 ya kudai juu ya kasoro iliyokuwamo tangu mwanzo, hata dhamana ya kampuni ikiwa fupi. Malalamiko yakafika mbele ya baraza la serikali linaloshughulikia madai ya wanunuzi, na chombo kikapelekwa maabara. Mwaka 2007 jibu likatolewa: kiungo cha lehemu kilikuwa kinaachana polepole kwa sababu ya kupata moto na kupoa kila chombo kinapowashwa na kuzimwa. Hapana chai, hapana kitanda. Kuwasha na kuzima tu, ndiyo matumizi ya kila mtu.

Kisa kikubwa kuliko hiki kilitokea mwaka 2008, nacho ndicho kinachowahusu mafundi wetu zaidi. Kampuni ya Nvidia hutengeneza chipu za picha, yaani zile zinazochora yale tunayoyaona kiooni. Tarehe 2 Julai 2008 Nvidia ilitangaza kwamba itatenga kati ya dola milioni 150 na 200, kwa sababu baadhi ya chipu zake za laptopu zilikuwa zinakufa upesi mno. Chipu zile zilikuwamo katika laptopu za HP, za Dell, za Apple na nyinginezo. Kwa hiyo mtu aliyehama kampuni moja kwenda nyingine ili aepuke ugonjwa, aliweza kuukuta unamngoja kule alikohamia.

Sasa sikilizeni vizuri. Chipu ya namna hii ina vitone vya namna mbili. Viko vile vikubwa kidogo, vinavyoishikisha chipu kwenye bodi. Na viko vingine vidogo zaidi, ndani ya chipu yenyewe, vinavyoshikisha kile kijiwe cha akili juu ya kibao chake. Katika chipu hizi, vilivyopasuka vilikuwa vile vya ndani.

Fundi akiletewa laptopu kama hiyo hufanyaje? Mafundi wengi duniani walichukua bomba la hewa ya moto wakaipasha chipu. Wako watu huko Ulaya na Marekani waliotia bodi nzima katika tanuri ya kuokea mikate. Na kioo kiliwaka! Mwenye mali akashangilia. Lakini moto ule haukutengeneza kitu. Ulivisukuma tu vile vitone vilivyopasuka, vikagusana tena. Baada ya majuma machache ya kuwasha na kuzima, vikaachana. Akarudi kwa fundi, akapashiwa tena, akalipa tena. Safari hii furaha ilidumu siku chache.

Hili ndilo jibu la ugomvi wetu wa mwanzo, kwa laptopu za ugonjwa huu. Dawa ya kweli ilikuwa kutoa chipu ile na kutia nyingine ya toleo lililorekebishwa kiwandani. Kazi hiyo yataka mashine, yataka chipu yenyewe iagizwe kutoka mbali, yataka siku. Kwa hiyo fundi anayekuambia, "Hii ni kazi ya majuma mawili," pengine ni mkweli kuliko yule anayekuambia, "Ngoja hapo, nusu saa." Mimi sisemi kila fundi anayekawia ni mwaminifu. Wako wanaokawia kwa kuwa wamepokea kazi nyingi kupita mikono yao, au kwa kuwa fedha uliyotanguliza imekwisha tumika kwa mambo mengine. Lakini haraka peke yake si kipimo.

Mwezi wa Oktoba 2008 Apple ilitangaza kutengeneza bure baadhi ya laptopu zake zenye chipu hizo, kwa muda wa miaka 2 tangu siku ya kununuliwa, na baadaye muda ukaongezwa. Nayo Nvidia ilishtakiwa na wanunuzi huko Marekani, na mwaka 2010 wakapatana.

Betri nazo zina historia yake, ambayo nitaipita upesi. Agosti 2006 Dell iliwaita watu warudishe betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na kampuni ya Sony, kwa kuwa ziliweza kupata moto na kuwaka. Hilo lilitangazwa upesi, kwa sababu moto humtisha kila mtu. Kioo cheusi hakimtishi mtu ila mwenyewe.

Kisa cha mwisho ni cha vitufe. Mwaka 2015 Apple ilitoa laptopu nyembamba sana yenye kibodi ya namna mpya. Vitufe vyake vilikuwa vifupi hata punje ya vumbi iliweza kuvikwamisha. Ukiandika "baba" unapata "baaba" au "bba". Na kibodi ile ilifungwa pamoja na ganda la juu, na betri ikagandishwa kwa gundi humo humo. Kwa hiyo ili kutibu kitufe kibovu mara nyingi ilibidi kubadilisha ganda, kibodi na betri kwa pamoja. Chombo kilipelekwa kituo cha mbali, mwenyewe akangoja siku nyingi. Juni 2018 kampuni ilikubali kuzitengeneza bure kwa miaka 4 tangu siku ya kununuliwa. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba imeagiza maduka yake yafanye kazi hiyo papo hapo, iishe kesho yake. Basi inaonekana sehemu kubwa ya kuchelewa ilikuwa safari, si kazi yenyewe.

Lakini kibodi iliyotiwa ilikuwa ya namna ile ile, na vumbi halikwisha duniani. Wengi walirudi. Mwishoni mwa mwaka 2019 Apple ilianza kurudia kibodi ya namna ya zamani. Wanunuzi wa majimbo 7 ya Marekani walishtaki, na mwaka 2022 kampuni ikakubali kutoa dola milioni 50 bila ya kukiri kosa. Nataka mtazame namna fedha ile ilivyogawanywa. Aliyebadilishiwa ganda lake mara 2 au zaidi alistahili hata dola 395. Aliyebadilishiwa mara 1, hata dola 125. Aliyebadilishiwa kitufe tu, hata dola 50. Basi kila safari ya kwenda kutengenezewa ilikuwa na thamani yake, na aliyekuwa na karatasi zake mkononi hakuwa na haja ya kumbembeleza mtu.

Sasa turudi kwenye vile vitabu vya michoro. Mwaka 2003 huko California mwanafunzi mmoja, Kyle Wiens, alitaka kutengeneza iBook yake mwenyewe, akatafuta kitabu cha maelezo, asikipate. Yeye na mwenzake Luke Soules wakaanza kazi ya kufungua vyombo, kupiga picha kila hatua, na kuwapa watu maelezo bure. Kazi yao yaitwa iFixit, nayo ingaliko. Tangu wakati huo watu wengi wamedai haki ya kutengeneza. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2021, laptopu ikiuzwa hapana budi ionyeshe alama, kati ya 10, ya namna inavyotengenezeka kwa urahisi. Katika majimbo ya California na Minnesota, tangu tarehe 1 Julai 2024, sheria zawalazimisha watengenezaji wa kompyuta kuwapa wenye mali na mafundi wa nje vipuri, vifaa na maelezo.

Na sisi je? Laptopu zilizokwisha tumika Ulaya, Marekani na Ghuba huuzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Zinapofika kwetu, mara nyingi siku za kutengenezewa bure zimekwisha kupita. Ugonjwa umesafiri na chombo, dhamana imebaki kule. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu za kumlinda mnunuzi, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya mwaka 2012. Lakini sheria humuuliza mdai: ulinunua lini? Kwa nani? Kiliharibika siku gani? Asiyeandika hujibu, "Ilikuwa kabla ya mvua."

Ninyi sasa mwajua kusoma na kuandika. Igeuzeni laptopu chini juu: kuna karatasi au maandishi madogo yenye jina na namba ya toleo. Inakilini namba hiyo kabla ya kununua, mkamwulize fundi kama toleo lile lina ugonjwa unaojulikana. Fundi mzuri atajua, maana ameziona nyingi. Mkitengenezewa, mwulizeni kwa adabu: "Fundi, umetia kitu kipya, au umekipasha moto kilichokuwamo?" Kama alipasha moto tu, na bei iwe ya kupasha moto. Na kabla ya kumwachia chombo, nakilini kazi zenu mahali pengine, kwa sababu bodi yaweza kununuliwa, lakini hesabu za duka na picha za marehemu babu haziuzwi.

Kazi ya daftari ni hii. Inakilini mistari miwili ifuatayo kwa mwandiko mzuri:

"Tarehe 4 Machi. Kioo cheusi, feni yazunguka. Fundi amepasha chipu moto. Nimelipa, nimepewa stakabadhi."

"Tarehe 29 Aprili. Kioo cheusi tena, feni yazunguka."

Kisha hesabuni siku zilizo kati ya tarehe hizo mbili. Halafu kila mmoja aandike mistari miwili kama hiyo juu ya chombo chake mwenyewe kilichowahi kutengenezwa: redio, baiskeli, simu au cherehani. Asiyekumbuka tarehe aandike mwezi. Mwalimu atayasoma mkutanapo tena. Kwaherini.